Maji Nyuma ya Mashua

Asubuhi ya siku ya saba tangu watoke bandari ya Mindelo, chai ya Nebahat ilikuwa na chumvi.

Alionja, akatema baharini, akamgeukia mumewe aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya kushukia chumbani na bilauri yake ndogo mkononi.

"Selami, umetia nini humu?"

"Sukari. Vijiko viwili, kama siku zote."

"Hebu onja."

Selami akaonja. Hakutema, maana ni mtu mbishi. Alimeza, uso ukamkunjamana mpaka masikioni.

"Labda ni jibini," alisema. "Ulimi wako una chumvi ya jibini."

"Ulimi huu ninao miaka sitini na miwili. Haya ni maji ya bahari."

Wakashuka jikoni. Selami akakanyaga pampu, Nebahat akakinga kijiko, wakaonja kwa zamu. Kisha Nebahat akalala kifudifudi sakafuni, akafungua tangi, akachovya kidole na kukilamba. Lita mia tatu zote zilikuwa zimeingia chumvi.

Kwetu Ayvalık, mji wa mizeituni ufukweni, mtu hufungua kinywa asubuhi kwa zeituni, na zeituni zenyewe zimelala kwenye maji ya chumvi mwaka mzima. Jibini nyeupe nayo hivyo hivyo, na matango ya kachumbari, na majani ya mzabibu. Chai ya kwanza humkuta mtu ulimi umekufa ganzi. Watu wa nchi nyingine wangeshtuka siku ile ile ya kwanza. Hawa wawili walikuwa wamekunywa bahari siku tatu nzima, wakinung'unika tu kwamba majani ya chai ya mwaka huu si mazuri.

Selami alipanda sitahani kukagua tundu la kujazia maji. Lilikuwa ubavuni, pale ambapo mawimbi hupita kila mashua inapoinama. Kifuniko chake hukazwa kwa ufunguo wa chuma. Alikigusa kwa vidole viwili, kikazunguka. Alikaa pale amechuchumaa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

"Kuna nini?" Nebahat aliuliza kutoka chini.

"Mpira wa kifuniko umechoka."

Mpira haukuwa umechoka, na yeye alijua.

Kwetu msafiri akiondoka, anayebaki humwaga maji nyuma yake, ili aende kama maji na arudi kama maji. Anayeondoka bila kumwagiwa hafi, lakini moyo haumkai vizuri, kama shati lililofungwa vifungo upande. Walipotoka nyumbani mwaka uliopita, binti yao Defne alimwaga ndoo nzima gatini mpaka viatu vya majirani vikalowa. Mindelo hawakuwa na mtu. Siku moja kabla ya kuondoka, Nebahat alikuwa akikata vitunguu, akasema, "Tunavuka bahari kubwa na hakuna hata mmoja wa kutumwagia." Akaendelea kukata. Selami alijifanya hakusikia.

Asubuhi yake, wakati mpira wa maji ukijaza tangi na Nebahat yuko omo, mbele ya mashua, akihangaika na kamba, Selami alichomoa ule mpira, akajaza jagi la bluu la mkewe, akakimbia peku gatini hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akipanga mabeseni yake ya samaki. Kwa maneno manane ya Kireno na mikono miwili alimweleza anachotaka. Yule mama alicheka, akalipokea jagi. Ndipo Nebahat akaita, "Selami, kamba!" Selami akaruka sitahani, akakaza kifuniko kwa vidole, akijiambia atarudi na ufunguo. Hakurudi.

Mashua ilipoachana na gati, yule mama alisogea ukingoni na kuyamwaga maji yote nyuma yao. Nebahat alimwona. Alijishika kifua, machozi yakamtoka hadharani, yeye ambaye alifundisha jiografia miaka thelathini na wanafunzi hawakuwahi kumwona akipepesa macho.

"Selami, umeona? Kumbe hata watu wa huku wanayo desturi hii."

"Dunia ni moja, roho yangu," Selami alisema, akashika usukani.

Tangu siku hiyo Nebahat alikuwa akimtaja yule mama. Alimwandika kwenye daftari la safari, akamsimulia Defne kwa simu ya setilaiti. Sasa mwanamume angeanzia wapi kusema ukweli wa kile kifuniko bila kumnyang'anya mkewe yule mama?

Mashua yenyewe iliitwa Zeytin, nzee, mita kumi tu kutoka omo hadi tezi. Zamani ilikuwa na matangi mawili. Selami, aliyekuwa fundi wa mashine za kukamulia zeituni, aliling'oa moja kabla hawajatoka nyumbani, akaweka madebe mawili ya zeituni mahali pake. "Maji hunyesha kutoka mbinguni," alisema siku hiyo. "Zeituni je?" Majirani walicheka. Nebahat hakucheka, lakini alimwacha afanye.

Sasa Nebahat alikuwa amekaa mezani na penseli, ramani mbele yake.

"Dumu la dharura, lita kumi. Chupa saba za lita moja na nusu. Basi."

"Na maji ya kwenye makopo ya dengu."

"Na maji ya kwenye makopo ya dengu," alikubali bila kuinua kichwa. "Tumekwenda maili mia nane na arobaini. Zimebaki elfu moja mia mbili na sitini. Upepo ukiendelea hivi, siku kumi na moja. Tunakunywa chupa moja kwa siku, nusu yako, nusu yangu. Kufua, kuoga, kuchemsha ngano ya bulguri, yote maji ya bahari. Chai hakuna."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Selami alikaa chini taratibu kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kisha Nebahat akaweka penseli chini, akamtazama sawasawa. "Na wewe una mawe ya figo. Daktari alikuambia lita tatu kila siku. Nitakuwa nakutazama unavyokunywa, mzee."

Walizipata kwenye redio mashua za Ulaya zilizokuwa zikivuka njia hiyo hiyo. Iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa maili mia tatu nyuma. Nahodha wake, Mfaransa mmoja mpole, alisema atageuza omo kuwafuata, na kila asubuhi saa tatu atawaita.

Maisha yakaendelea, kwa sababu mashua haijui kwamba mtu ana kiu. Nebahat alishika zamu ya alfajiri, Selami ya mchana, na muda uliobaki kazi aliifanya Mkwe. Mkwe kilikuwa chombo cha tezi, nyuma ya mashua, kibao cha kudaka upepo kilichofungwa kamba mpaka kwenye usukani, kikiiongoza mashua bila mtu. Selami ndiye aliyekibatiza. Alisema kinafanya kazi usiku na mchana, hakili, hakibishi, na hakiombi kuazima gari, kwa hiyo ni mkwe bora kuliko yule waliyepewa. Asubuhi Nebahat aliokota sitahani samaki panzi walioruka na kuangukia humo, wakawakaanga kwa mafuta ya nyumbani. Alikanda mkate kwa maji ya bahari, ukaumuka vizuri, ila ukawa mkate wa kuongeza kiu. Alasiri walitoa ubao wa tavla, mchezo wa kete na dadu. Selami aliiba kama kawaida yake, na Nebahat alimwacha aibe mara mbili kisha akamshinda.

Kilichomtisha Nebahat kilikuwa chakula. Kila alichofungua kilikuwa na chumvi. Kwa siku tatu walitazamana na yale madebe ya zeituni kama ndugu waliogombana, hakuna aliyetaka kuanza.

Siku ya kumi upepo ukafa.

Haukupungua taratibu. Saa nne asubuhi ulikuwepo, saa sita haukuwepo. Matanga yakaanza kupigapiga ovyo, mashua ikalala ubavu huu na ubavu huu juu ya mawimbi mapana yasiyokwenda popote. Mkwe alisimama kama mgeni asiyejua akae wapi. Bahari ikang'aa mpaka macho yakauma. Mfaransa kwenye redio alisema naye amesimama vile vile.

Siku ya kumi na moja, maili tisa. Siku ya kumi na mbili, maili nne, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kurudi nyuma.

Asubuhi hiyo Selami hakuinuka. Nebahat alimkuta amejikunja kitandani, mkono kiunoni, ametota jasho.

"Upande gani?"

"Kushoto. Limeanza kutembea."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Na ulikuwa unangoja nini, barua?"

Alimpa dawa ya maumivu, akamwekea kitambaa chenye maji ya bahari kiunoni. Kisha akazitoa chupa mbili, ya mumewe na yake. Kila mmoja alikuwa na chupa yake, iliyojazwa nusu kila asubuhi. Kwa kuwa alimjua mtu wake, Nebahat alikuwa akipiga mstari wa rangi ya kucha kwenye chupa zote mbili kila mmoja alipokunywa, apate kuona kama Selami anakunywa sehemu yake. Chupa ya Selami ilikuwa ikishuka vizuri. Tatizo lilikuwa yake. Mstari ulikuwa hapa, na maji yalikuwa juu ya mstari.

Alidhani ni macho. Alipiga mstari mwingine, akapanda sitahani, akashuka baada ya saa moja. Maji yalikuwa yamepanda tena kwa upana wa vidole viwili, na mumewe alikuwa amelala chali akitazama dari kwa uso wa mtoto aliyemeza kipande cha sukari.

"Selami, chupa yangu inazaa."

Akaisogeza chupa mbele ya macho yake.

"Nakuuliza kwa upole. Unanimiminia tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nebahat alikaa kitandani ghafla. Siku tano mtu mwenye mawe ya figo alikuwa akinywa vikombe viwili kwa siku, kwenye jua lile. Hofu ilimpanda na hasira ikaifuata nyuma.

"Una kichwa au una boga? Daktari alikupa amri moja tu maisha yako yote."

"Wewe ndiye unayejua ramani. Nikifa mimi, wewe unafika. Ukifa wewe, mimi naibukia kwa pengwini."

"Usinichekeshe. Nimekuuliza kwa nini."

Ndipo akamwambia. Alisema yote akitazama dari: vitunguu, jagi, yule mama wa samaki, vidole, ufunguo ambao hakurudi nao. Alisema kwamba ameyamwaga maji yao yote baharini kwa mkono wake, na hakuona haki ya kunywa yaliyobaki.

Mashua ilijigeuza ubavu mmoja, ikajigeuza wa pili. Vyombo viligongana kabatini.

"Kwa hiyo jagi langu liko Mindelo," Nebahat alisema.

"Liko Mindelo."

"Nimelitafuta siku kumi na mbili. Nimetoa mpaka mbao za sakafu."

"Nilikusaidia kutafuta."

"Naam. Ulinisaidia kutafuta."

Selami alifumba macho. Hilo lilimuuma kuliko jiwe.

"Tangi nakusamehe," Nebahat aliendelea, na sauti yake ikawa ndogo. "Watu husahau. Lakini yule mama, Selami. Kila alfajiri nikiwa peke yangu kwenye zamu nilikuwa namfikiria. Najiambia, kuna mtu hata jina langu halijui, lakini amenitakia nirudi salama. Kumbe ni wewe."

Selami alisubiri maumivu yapande na kushuka. Kisha akasema taratibu.

"Kumwaga nilimwomba mimi. Hilo ni langu. Lakini alipokwisha kumwaga hakwenda zake. Alisimama pale pale anapunga mkono mpaka tukapita gati la mwisho. Samaki wake juani. Hilo sikumwomba. Maneno ya Kireno ya kuomba hilo sina hata leo."

Nebahat akainuka. Alichukua chupa yake, akaijazia ya mumewe mpaka zikalingana, akamwinua kichwa.

"Kunywa. Mbele yangu. Nataka kuona koo linavyotembea."

Alimnunia mchana kutwa. Alasiri, bila neno, alileta ubao wa tavla na kuufungua juu ya kitanda. Selami hakuiba hata mara moja, na Nebahat alizidi kukasirika kwa sababu mchezo haukunoga.

Siku ya kumi na tatu walibakiwa na lita kumi na moja na nusu. Saa nane mchana Nebahat aliona upande wa mashariki wingu jeusi limeshuka mpaka baharini, na chini yake maji yamekuwa meupe.

"Mvua," aliita. "Ina upepo mwingi ndani yake."

Selami alipanda ngazi kwa magoti na viwiko, uso wa majivu. Alilitazama wingu, akatazama tanga kuu.

"Tulishushe?"

"Tukilishusha, tutakinga mvua kwa kitu gani?"

"Na lisiposhuka litang'oa mlingoti."

Walitazamana. Hii ndiyo ndoa baharini, kukata shauri kabla wingu halijafika.

"Tulipunguze mpaka theluthi," Nebahat alisema. "Ule mti wa chini wa tanga tuunyanyue kwa nyuma, maji yakimbilie mlingotini. Mimi nakinga pale. Wewe shika usukani. Unaweza?"

"Nikikaa, naweza."

"Basi kaa."

Alijifunga kamba kiunoni, akatambaa hadi kwenye mlingoti. Alikuwa bado anafunga fundo la mwisho upepo ulipowapiga. Zeytin ililala ubavu mpaka sitaha ikazama, kijiko na sufuria vikaruka chumbani, Selami akasukuma usukani kwa kifua chake chote akipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Mashua ikageuka polepole, ikaupa upepo mgongo, ikaanza kukimbia. Kisha mvua ikaja, nzito, ya baridi, ikiuma ngozi.

Maji yalitiririka kwenye mikunjo ya tanga yakashuka mlingotini. Nebahat alikinga sufuria ya kwanza, ikajaa kwa pumzi tatu. Alionja.

"Chumvi," alisema, na akaimwaga baharini.

Alikinga ya pili, akaonja, akaimwaga. Tanga lilikuwa na chumvi ya siku kumi na tatu na lilihitaji kuoshwa kwanza. Selami aliyaona yale maji yakimwagwa, ulimi wake umevimba mdomoni, akalia waziwazi kwenye mvua. Sufuria ya tatu Nebahat aliionja mara mbili. Akageuka, maji yakimtiririka puani, akacheka.

"Matamu."

Zikajaa sufuria mbili, birika, dumu, ndoo, chupa zote tupu. Mvua bado ilikuwa ikinyesha na vyombo vilikuwa vimekwisha.

"Vyombo, Selami. Leta chochote."

Selami aliufunga usukani kwa kamba, akateleza chini. Alirudi akiburuta debe la kwanza, mkono mmoja kiunoni. Nebahat alielewa kabla hajafika.

"Una hakika?"

"Usiniulize, nisije nikabadilisha mawazo."

Akalipindua. Zeituni za miti ya babake, alizozichuma mwenyewe Novemba ya mwisho nyumbani, zikamwagika sitahani zikiruka kama shanga na kutokea kwenye matundu ya ubavu, nyeusi na kijani, nyuma ya mashua mstari mrefu. Akalisuuza debe, akamsogezea mkewe. Akarudi kuleta la pili.

Mvua ilikaa dakika arobaini. Ilipoondoka iliwaachia lita zaidi ya sabini na upepo mzuri wa mashariki. Walikaa wameloa, migongo imeegemeana. Selami alikunywa kikombe, kingine, kingine, Nebahat akihesabu kwa sauti.

"Yana ladha ya zeituni," alisema Selami.

"Yatakuwa nayo mpaka tufike. Na chai pia."

"Chai," alisema Selami, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa jina la mchumba.

Jiwe lilitoka siku ya kumi na sita, dogo kama punje ya bulguri. Nebahat aliliandika kwenye daftari baada ya upepo na kabla ya maili. Siku ya ishirini na mbili milima ya kisiwa cha Martinique ilijitokeza mawinguni, na jioni ile ile walifunga kamba gatini, wamekonda, midomo imepasuka. Hakuna aliyewajua pale. Mtu wa kwanza waliyeongea naye walimwomba mpira wa maji. Selami alilijaza tangi, akakikaza kifuniko kwa ufunguo, akarudi kukikaza tena baada ya chakula, na mara ya tatu kabla ya kulala. Nebahat alimwacha.

Siku ya tano tangu wafike, vijana wawili wa Uswidi waliokuwa jirani yao gatini walianza kufungua kamba. Walikuwa wanakwenda Panama, na hakuna aliyekuja kuwaaga. Nebahat alitoka na jagi lililojaa. Alikuwa amelinunua sokoni, jekundu kwa kuwa la bluu hakulipata. Alisogea ukingoni.

"Ngoja kwanza," alisema Selami.

Alivuka kwenye mashua yao na ufunguo wake mkononi bila kuomba ruhusa, akapiga magoti, akakaza vifuniko vyote viwili mpaka vikalia. Vijana walimtazama midomo wazi. Akarudi gatini akijifuta viganja kwenye suruali.

"Sasa mwaga."

Mashua ikaachana na gati. Nebahat akayamwaga maji yote nyuma yao, akaliweka jagi chini. Kisha akabaki pale pale juani, akiwapungia mkono mpaka walipolipita gati la mwisho, na hakuna aliyemwomba.